Nikifa Usije Kuniosha

Mbagala, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Mama Mkubwa Mwanamvua,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema, na kwamba goti lako la kushoto limekubali amani. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimetulia baada ya asali uliyonitumia. Nisalimie majirani wote wa Kasingirima, hasa wale wanaouliza kila Ijumaa kama nimeoa; waambie wakinipatia mchumba sitakimbia.

Unajua nilivyoishi tangu nije mjini. Mchana napiga video za harusi za watu, jioni naandika filamu ambazo hakuna anayezipiga. Skripti zangu nimezipeleka kwa watayarishaji wengi. Wengine hawakufungua hata ukurasa wa kwanza, na mmoja aliyefungua aliniambia kwa upole kwamba hadithi ni nzuri ila haikupangwa inavyotakiwa. Skripti, Mama, ni maandishi ya filamu kabla haijapigwa, nayo ina mpangilio wake kama sala ilivyo na nguzo zake: mahali na wakati huandikwa juu, jina la msemaji katikati, maneno yake chini ya jina. Programu za kupanga hayo zipo, lakini zimetengenezwa ng'ambo, hulipiwa kila mwezi kwa fedha za kigeni, na hazijui neno hata moja la lugha yetu. Kijana wa huko nyumbani, wa Mwanga au wa Katubuka, mwenye hadithi nzuri kichwani anashindwa mlangoni, kama nilivyoshindwa mimi.

Basi nimetengeneza ya kwetu. Nilijifunza kazi hiyo kwenye kompyuta ya kuazima, nikikosea na kurudia, na sasa imekamilika. Nimeiita Gati, kwa kuwa hadithi hupakiwa pale kabla ya kusafiri. Inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, haihitaji bando, watu wanaweza kurushiana simu kwa simu, na bei yake haizidi sahani ya chipsi. Anayeifungua kwa mara ya kwanza hukutana na onyesho moja la mfano, ambalo sisi wa kazi hii huliita sini. Nimeliacha bila mwisho kwa makusudi, ili mwanafunzi alimalizie mwenyewe na, akipenda, anitumie mwisho wake niusome.

Niombee dua, Mama. Kwa mara ya kwanza nina kitu mkononi ambacho si ahadi.

Mwanao,
Faridi


Ujiji
3 Machi 2024

Mwanangu Faridi,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo. Goti limekubali amani lakini bado halijatia saini. Barua yako aliileta Mwinshehe, yule utingo wa basi, ikiwa na doa jekundu la mawese pembeni. Nilipomuuliza akasema ni mvua. Nimemwambia nitakaa dirishani na beseni siku mvua hiyo itakaponyesha tena, nipate ya kukaangia.

Najua vijana wa siku hizi mnacheka mtu anayeandika barua wakati simu zipo. Simu yangu ni ya tochi, na kwa tochi inanifaa sana. Halafu mtu aliyefundisha Kiswahili darasani maisha yake yote hawezi kumjibu mwanawe kwa kidole gumba.

Habari yako imenifurahisha kuliko nilivyoonyesha mbele ya Mwinshehe. Nilisoma barua mara ya kwanza nimesimama, na mara ya pili nimekaa. Mama yako marehemu, mdogo wangu, alikuwa akisema mtoto huyu ataishi kwa maneno. Mimi nilidhani anamaanisha uwakili.

Huku mikono yangu haijapumzika. Juzi nilimwosha marehemu mmoja wa Katubuka, bibi mwembamba kama ufito. Wanawake wa mtaa bado hawataki maiti wao aguswe kabla sijafika. Nawaambia, wafundisheni mabinti zenu kazi hii, nami nitakufa. Wanatazama chini. Wanaamini binti yangu Asia yuko Bujumbura kwa biashara ya vitenge, kama nilivyowaambia mwaka ule alipoondoka, na kwa miaka tisa hakuna aliyenikosea adabu kwa kuniuliza vitenge viko wapi.

Sasa sikia. Shule ya sekondari iliyo karibu nasi imepata mwalimu mpya wa Kiswahili, anaitwa Telesphory, kijana wa Kasulu mwenye heshima nyingi na tai fupi. Anasema wanafunzi wake tayari wanayo hiyo Gati, wamerushiana kama ugonjwa wa macho. Nilipomwambia kwamba aliyeitengeneza amekula ugali wangu, nusura apige magoti. Mwezi wa sita wana siku ya wazazi, na ameniomba niwe mgeni rasmi. Nimekubali, nitavaa kanga yangu mpya.

Lakini hukuniambia hiyo sini ya mfano inahusu nini. Mwalimu hupimwa kwa mfano anaouandika ubaoni kabla ya mingine yote. Nijulishe.

Mama yako mkubwa,
Mwanamvua


Mbagala
20 Machi 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nakuombea funga isiyo na kiu. Mimi naendelea vizuri, alhamdulillahi. Joto la huku ndilo linalotujaribu.

Sini uliyoiulizia ni jambo la kubuni tu, Mama. Mama mmoja na binti yake wako gatini, wanatofautiana kidogo kuhusu safari. Haina uzito. Niliichagua kwa sababu ni fupi na ina wasemaji wawili, jambo linalomfaa anayeanza.

Nimefurahi kusikia habari ya siku ya wazazi. Hata hivyo, nikifikiria goti lako na viti vya shule vilivyo, sidhani kama ni lazima uende. Mwalimu Telesphory ataelewa.

Naomba radhi kwa ufupi wa barua. Kazi zimeniandama.

Mwanao,
Faridi


Ujiji
9 Juni 2024

Faridi,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili. Ziwa limefungwa kwa mapumziko ya samaki, dagaa wamekuwa adimu, kwa hiyo usishangae kifurushi hakiongozani na barua hii. Hata ziwa lingekuwa wazi, nisingekutumia.

Nilikwenda. Waliniweka mbele, kwenye meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, maji ya chupa mkono wa kulia, na kushoto kwangu Mzee Dadi, mwenyekiti wa wazazi, ambaye unamjua kwa kunong'ona kwa sauti ya adhana. Mwalimu Telesphory akasimama akatangaza kwamba wanafunzi wataonyesha sini maarufu ya Gati, iliyoandikwa na mtoto wa Ujiji, mwana wa mgeni rasmi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Akatoka msichana mmoja, Winfrida, amejifunga kanga kiunoni. Mwenzake amebeba mfuko. Wamechora mawimbi kwenye shuka. Wakaanza kubishana: binti anataka kumfuata mume wa dini nyingine upande wa kaskazini wa ziwa, mama anakataa. Mpaka hapo nikasema, hadithi kama hii imetokea katika nyumba nyingi. Kisha Winfrida akashika upindo wa kanga yake, akauzungusha kwenye kidole cha shahada, ukazunguka na kukaza, akasema:

"Panda hiyo boti. Ila nikifa usije kuniosha."

Nikatazama kidole changu. Kilikuwa kimefungwa na upindo wa kanga yangu, ile mpya.

Mzee Dadi akaniinamia: "Mwalimu, huyu mama ana roho ya jiwe! Huyu hata samaki hawamli!" Watu wa safu tatu wakasikia, wakacheka. Nami nikacheka, Faridi. Nilikaa pale kwenye kitambaa cheupe nikajicheka mwenyewe, kwa sababu mgeni rasmi asiyecheka huulizwa ana nini.

Halafu kila kundi likaonyesha mwisho wake. Katika mwisho wa kwanza, mama aligundulika kuwa mchawi. Katika wa pili, alipata wazimu akawa anaokota makopo sokoni. Katika wa tatu nilizama ziwani, na hapo ndipo makofi yalipokuwa makubwa zaidi.

Nikaitwa kuzungumza. Nilisimama nikawashukuru walimu, wazazi na wanafunzi. Nikasifu matamshi yao. Nikasema lugha ni amana, na kwamba taifa lisiloandika hadithi zake litasimuliwa na wageni. Niliyasema yote kwa utulivu, na watu wakatikisa vichwa. Nilipotaka kukaa, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono. "Shikamoo Mwalimu. Samahani, mama akishamkataza mwanawe kumwosha, yeye anaoshwa na nani?"

Nikamwambia, "Na majirani."

Akasema ahsante. Nikakaa.

Sasa nikuulize. Ulikuwepo siku ile Kibirizi, zinapopakia boti za kaskazini. Ulikuwa umebeba godoro la Asia begani, ukawa shahidi wa neno ambalo sijalitamka mbele ya mtu mwingine yeyote. Nilikuuliza kwa barua sini hiyo inahusu nini, ukanijibu kwamba ni jambo la kubuni lisilo na uzito. Uliniongopea ukiwa umefunga.

Na bado hilo silo linaloniumiza zaidi. Uliona tope la Kibirizi lilivyomeza kandambili za Asia alipokuwa akipanda. Uliona nilivyovua zangu nikazirusha ndani ya boti, ikiwa imeshaanza kuondoka. Tulirudi mjini mimi nikiwa peku, na kondakta aliponiuliza bibi viatu vyako viko wapi, wewe ndiye uliyemjibu. Hayo hayamo. Umeandika ulimi wangu, ukaiacha miguu yangu.

Iondoe sini hiyo. Popote ilipo, iondoe. Usiniandikie mpaka uwe umeiondoa.

Mwanamvua


Mbagala
25 Juni 2024

Mama yangu mkubwa,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza afya yako, lakini nauliza, kwa sababu sijafundishwa namna nyingine ya kuanza, na aliyenifundisha ni wewe. Idd imepita nikiwa chumbani. Jirani aliniletea sahani ya pilau, nikamrudishia nusu.

Nimevunja amri yako kwa kuandika kabla ya kutimiza sharti, na nitakueleza kwa nini. Sharti hilo, Mama, siwezi kulitimiza.

Siku ileile niliposoma barua yako niliiondoa sini kwenye Gati. Yeyote atakayeipata kwangu tangu leo hataikuta. Lakini wale walionayo tayari wanayo. Niliitengeneza isihitaji bando, ili maskini asikwame. Kwa sababu hiyo haina mlango ambao mimi naweza kuingia nikafuta kitu. Nilitaka watu warushiane simu kwa simu, ili ifike vijiji visivyo na mtandao. Kwa sababu hiyo sijui imefika wapi, wala kwa nani. Niliifanya nyepesi, nikaishonea sini hiyo ndani kabisa, isiweze kupotea. Kila nililojisifia kwako katika barua ya kwanza ndilo linalonifunga mikono leo. Maneno uliyoyasema mara moja, mbele ya watu wawili, nimeyapa miguu, na siwezi kuyaita yarudi.

Nilipolichukua neno lile nilijiambia kwamba nimebadili majina, na kwamba Ujiji hakuna atakayejua. Nilijiambia pia kwamba hadithi hiyo ni yangu kiasi, kwa kuwa bega langu lilibeba godoro. Msanii mwenye njaa ana hoja nyingi, Mama, na zote zinafanana na haki. Nilikuwa nimeandika sini kumi na mbili za kubuni na zote zilikuwa kuni mbichi. Nilipoandika ile ya Kibirizi, iliwaka. Nikachagua moto bila kuuliza ni nyumba ya nani inayoungua.

Kuhusu kandambili, sitakuficha. Nilikuwa nimeziandika. Katika rasimu ya kwanza zilikuwemo: mama anavua, anarusha, boti inaondoka. Nilizifuta mwenyewe. Wanaofundisha ufundi huu wanasema mwanafunzi aachiwe ugomvi usiotatuliwa ili apate pa kuanzia, na kila nilipoisoma sini ile yenye kandambili niliona imeshakwisha. Mama anayevua viatu vyake akampa mwanawe anayemkimbia ameshamsamehe, hata kama ulimi wake haujapata habari. Hakukuwa na kitu cha kumalizia. Basi nikakutoa miguu, kama ulivyosema, ili wewe uwe tatizo ambalo watoto wa shule watalitatua.

Hilo nililijua nilipokuwa nafuta. Naomba ulijue nawe.

Siombi msamaha katika barua hii, kwa kuwa najua ungeutoa kwa adabu, na adabu yako nimeshaitumia vibaya vya kutosha.

Mwanao, ukiniruhusu bado kujiita hivyo,
Faridi


Mbagala
2 Septemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mwinshehe ananiambia kwamba u mzima, kwamba barua ya mwezi wa sita uliipokea kwa mkono wako, ukaifunga kwenye pindo la kanga, ukamuuliza habari za barabara, basi. Namuuliza kila anapofika stendi ya huku. Amechoka nami. Juzi alisema, "Kaka, mimi ni utingo, si mshenga." Nimekubali kwamba ukimya wako ni jibu, na nisingeusumbua kama lisingekuwapo jambo ambalo si langu kulikalia.

Kwanza nikueleze la kazi. Gati bado ipo. Nilitaka kuifunga, lakini walioitumia wameanza kuandika, na wengine wanaandika vizuri kuliko mimi. Sikuona haki ya kuwanyang'anya kalamu kwa sababu ya dhambi yangu. Mfano wa ndani nimeubadili. Sasa unahusu kijana anayemwandikia mama yake uongo akiwa amefunga. Huyo ninayo ruhusa ya kumwandika. Nao nimeuacha bila mwisho.

Sasa hilo jambo. Watu bado wananitumia miisho ya sini ile ya zamani. Nilikuwa nimeacha kuisoma. Kila nikifungua naona unauawa kwa namna mpya. Lakini wiki iliyopita uliingia mwisho mmoja kutoka Kagunga, kule kaskazini mwa ziwa. Mtumaji amejiandika Mama Yunisi. Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, na niliacha ndoo yangu pale, sijui nani aliichukua.

Katika mwisho huo, Mama, boti inapoondoka, mama anavua kandambili zake na kuzirusha.

Sikumwambia mtu yeyote duniani habari ya kandambili hizo. Wewe umezitaja mara moja tu, kwenye barua kwangu. Boti ile ilikuwa na abiria, lakini walikuwa wakitazama mizigo yao. Aliyezidaka ni mmoja.

Maandishi hayo yana kurasa nne. Yanaendelea hadi baada ya boti kufika. Ninayo hapa mezani. Mkono wangu ulitaka kuyakunja na kuyatia katika bahasha hii, nikauona mkono huo kuwa ni ule ule ulioandika sini. Basi safari hii niliuliza kwanza. Nilimwandikia mwenyewe kwa simu nikamwambia mimi ni nani, naye alikuwa ameshajua. Nikamwomba radhi yeye pia, maana binti wa sini ile nilimfanya mkaidi asiye na chozi, na haikuwa hivyo. Nikamuuliza kama naweza kukupelekea alichokiandika.

Jibu lilichukua siku kadhaa. Kule mtandao hupatikana wakipanda mlimani. Kisha akajibu kwamba kurasa hizo aliziandika kwa ajili yake, na nisizitoe. Akasema nikuambie sentensi moja tu, kama ilivyo, bila kuipamba. Naiandika:

"Kandambili zake ninazo."

Nimemaliza. Sijaongeza kitu.

Mwanao,
Faridi


Kagunga
6 Oktoba 2024

Mwanangu Faridi,

Marahaba ya tarehe ishirini na tano Juni, na ya tarehe mbili Septemba. Nilikuwa nimeziweka pamoja.

Hujambo? Mimi sijambo. Goti limelalamika njia nzima kutoka Kibirizi, kwa sababu boti za huku hazikujengwa kwa ajili ya walimu wastaafu. Ziwa limeshafunguliwa, kifurushi cha dagaa utakipata kwa Mwinshehe, na ukikuta wamepungua umuulize kama dagaa nao huloa mvua.

Kabla sijaondoka Ujiji nilifanya jambo moja. Siku ya hitima ya jirani yetu, wanawake walipokuwa wamejaa uani na mtu ameanza tena kumcheka yule mama wa Gati, nilisimama. Nikawaambia, jamaa zangu, mama huyo ni mimi. Asia hayuko Bujumbura wala hajawahi kuuza kitenge. Bibi mmoja akasema, "Tunajua, Mwalimu. Tulikuwa tunakusubiri." Miaka tisa, Faridi! Nikakaa nikala pilau kama watu wengine.

Nimefikiri sana nikuambie nini. Barua yako ya mwezi wa sita iliniudhi kwa wiki nyingi, kwa sababu kila nilipotaka kukulaani nilifika kwenye ile sentensi ya mama anayevua viatu, ambaye ulimi wake haujapata habari. Nilikuwa nimeishi na jambo lile tangu Asia aondoke nikidhani nilirusha kandambili kwa hasira. Ilibidi mwizi anieleze thamani ya alichoniibia. Sisemi kwamba ulifanya vizuri. Ulifanya vibaya, na watoto wa shule watanizamisha ziwani mpaka simu zao zife. Utaendelea kulibeba hilo, nami sitakupokea mzigo. Ulizoea kubeba godoro, utazoea na huu.

Lakini barua ya mwezi wa tisa uliifunga bila kuweka kurasa nne za mtu mwingine. Hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya mwezi wa sita.

Bariki, mkwe wangu, hunipeleka matembezi ufukweni na kunionyesha mashine ya boti yake, nami hujifanya naelewa. Mama yake hunisalimu "Mwakeye" kila asubuhi huku akipiga makofi taratibu, nami namjibu Kiha changu kibovu mpaka wajukuu wanacheka. Yunisi amepewa jina la bibi huyo, na ana kidole changu, hukizungushia upindo wa gauni lake. Sikuuliza nani anaswali wapi. Nilikuwa na maswali mengi njiani. Yaliloana nikayaacha botini.

Asia amenionyesha hiyo Gati kwenye simu yake, akanifundisha mpangilio. Nimeona nikupe mwisho wa sini yako, kwa kuwa nimechoka kuona wanafunzi wakiukosea. Nimeuandika kwa mkono, kama unavyostahili. Usiuweke ndani ya programu, usimpe mtu, wala usiurekebishe. Ni wako wewe mmoja, uusome kisha uuhifadhi.

NJE. UFUKWE WA KAGUNGA – ASUBUHI

Boti inafika. Maji yamepanda, hakuna gati, abiria wanashukia kwenye tope. MAMA, mzee kidogo, anashuka wa mwisho. Tope linameza kiatu kimoja, kisha cha pili. Anaviacha. Anapanda nchi kavu akiwa peku.

ASIA amesimama mbele ya nyumba. Mkononi ana kandambili mbili kuukuu, moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

MAMA
Nimekuja kulifuta lile neno. Nikifa, njoo unioshe.

ASIA hajibu. Anaweka kandambili chini. Anaingia ndani, anatoka na ndoo na kata. Anamkalisha mama yake kwenye gogo, anachuchumaa mbele yake, anateka maji, na kuanza kumwosha miguu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, mpaka kati ya vidole, kama nilivyokuwa nikimwosha yeye.

Hapo ndipo ninapoweka kalamu chini. Alipomaliza alisema jambo. Ni lake, nawe usinimalizie.

Mama yako mkubwa,
Mwanamvua